Usiulize Wastani Peke Yake: Kumchagulia Mvulana Shule ya Kibinafsi

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia waliokutana katika ukumbi wa parokia. Tumeyachapa kwa sababu vikundi vingi viliomba nakala ya kusoma katika mikutano yao.)



Tunajua mmetoka mbali, na wengine mmeacha kazi shambani. Kwa hivyo hatutazunguka. Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo katika vikundi vingi linakula pesa kuliko mbegu na kuliko mabati. Jambo hilo ni karo. Na katika karo tumechagua upande mmoja tu: mzazi anayetaka kumpeleka mwanawe wa kiume katika shule ya kibinafsi ya wavulana, ya bweni, na anakuja kwenu kuomba mkopo. Habari ya wasichana tutaizungumza siku nyingine, maana ina mambo yake.

Mzazi huyo akiulizwa kwa nini ameipenda shule ile, jibu huwa fupi: "Huko wanapita." Wastani wao uko juu. Jirani alimpeleka wake, sasa yuko chuo kikuu. Hatumlaumu mzazi huyo. Mtu anayeuza ng'ombe ili alipe karo ana haki ya kujua atapata nini.

Lakini kuna swali la pili, ambalo mzazi huliogopa. Je, mwanangu, jinsi alivyo, ana nafasi huko? Akiwa mzito wa kusoma? Akiwa na ulemavu? Karo ikichelewa wiki tatu? Akiwa wa kabila lingine au dini nyingine?

Basi tuna maswali mawili ya kuweka kwenye mizani. La kwanza: shule hii inafundisha kweli? La pili: shule hii inampokea kila mvulana na kumshikilia mpaka mwisho? Watu wengi hudhani kwamba ukiongeza upande huu unapunguza upande ule. Nasi tulidhani hivyo. Ndiyo sababu tunaanza na kosa letu wenyewe.

KOSA LETU

Mwanzoni mwa mwaka wa 2015 mama mmoja wa kikundi tunachokitembelea alikuja ofisini. Mwanawe alikuwa amemaliza darasa la nane na alama nzuri. Lakini sikio lake la kushoto liliharibika tangu utotoni kwa kutoka usaha, na la kulia lilisikia kwa shida. Kijijini kila mtu alijua: ukitaka kuzungumza naye, simama upande wake wa kulia, na akuone mdomo.

Mama alitaka shule fulani ya wavulana iliyokuwa ikisifiwa. Kikundi chake cha watu kumi na watano kilikubali kumkopesha, na wanachama watatu wakamdhamini. Sisi tuliombwa kumwandikia kijana barua ya mapendekezo. Katika fomu ya shule kulikuwa na mstari uliouliza: mtoto ana ugonjwa au ulemavu wowote? Mama akatutazama. Sisi tukamwambia, "Mama, hapo paache wazi. Ukiandika hawatamchukua."

Tulidhani tunamsaidia.

Kijana akachukuliwa. Kwa sababu ya urefu wake, akaketishwa nyuma. Mwalimu akiuliza swali huku ameelekea ubaoni, yeye hakusikia. Alipoitwa asiitike, ikaandikwa katika ripoti kwamba ana kiburi. Alama zikashuka muhula baada ya muhula. Yeye mwenyewe hakusema neno. Wavulana mnawajua. Katika bweni limejaa vijana, nani atasimama aseme, "Mimi sisikii"? Angebandikwa jina ambalo lingemfuata mpaka amalize shule.

Novemba 2017, mwisho wa Kidato cha Tatu, mama aliitwa. Akaambiwa kwa upole kwamba kijana ni mzuri, ila kiwango cha shule kimemshinda, na ingefaa atafutiwe shule nyingine kabla ya watahiniwa kusajiliwa. Hakufukuzwa, na hakupewa barua yoyote. Mama aliambiwa tu amhamishe.

Alirudi nyumbani na sanduku, godoro na deni. Wale wadhamini watatu walilipa kwa mifuko yao kwa miezi kadhaa, na mmoja wao mpaka leo hasalimiani vizuri na mama huyo. Kijana alimalizia shule ya kutwa iliyo karibu nasi. Huko mwalimu wa Kiingereza aligundua tatizo katika wiki ya kwanza. Alimketisha mbele, upande wa kushoto wa darasa, ili sikio la kulia lielekee watu. Akawaambia walimu wenzake waandike maswali ubaoni. Hakuna pesa iliyotumika. Katika KCSE ya 2018 kijana alipata C. Si alama ya kupigiwa ngoma, lakini ni yake, na ilimfikisha chuo cha ufundi.

Shule ile ilikosea, ndiyo. Lakini nasi tulikosea mara mbili. Kwanza, tulificha jambo ambalo mwalimu alihitaji kulijua kuliko jambo lingine lolote. Pili, hatukuuliza swali jepesi sana: ni wavulana wangapi huingia Kidato cha Kwanza, na ni wangapi hufanya mtihani wa mwisho?

WASTANI UNAFICHA NINI

Tulifanye swali hilo kwa hesabu. Chukueni kalamu.

Katika KCSE, gredi ya A ni pointi 12, na zinashuka moja moja mpaka E ambayo ni pointi 1. C+ ni pointi 7, B- ni 8, D+ ni 4. Wastani wa shule ni pointi za watahiniwa wote, ukigawanya kwa idadi yao.

Sasa tuchukue shule mbili za mfano tu. Shule ya kwanza ilipokea wavulana 40. Waliofanya mtihani ni 30, na wastani wao ni 8. Shule ya pili pia ilipokea 40. Waliofanya mtihani ni 40, na wastani wao ni 7. Mzazi yeyote atasema ya kwanza ni bora. Nane inazidi saba.

Ngojeni kwanza. Pointi za shule ya kwanza ni 30 mara 8, yaani 240. Za shule ya pili ni 40 mara 7, yaani 280. Wale kumi waliotoka shule ya kwanza wako wapi? Tuseme wangebaki, na kila mmoja angepata D+ tu, pointi 4. Hiyo ni 40. Ongeza kwa 240, unapata 280. Gawanya kwa wavulana 40. Unapata ngapi?

Saba. Sawasawa na shule ya pili.

Mmeona? Shule ya kwanza haikufundisha kuliko ya pili. Tofauti yote ya wastani imetoka kwa wale kumi waliotolewa. Na mzazi aliyelipa zaidi kwa sababu ya ile nane alilipia kutokuwapo kwa watoto wa wenzake. Siku moja huenda akalipia kutokuwapo kwa wake.

Tusemeni ukweli kamili. Si kila mvulana aliyeondoka alisukumwa. Wengine huhama kwa sababu wazazi wamehama, wengine ni karo, wengine ni ugonjwa. Ndiyo maana tunasema uulize. Mwalimu mkuu mwaminifu atakuambia, "Walikuwa 40, sasa ni 36, na wale wanne walikwenda hapa na hapa." Akikasirika kwa sababu umeuliza, basi umeshajibiwa.

Kuna njia nyingine ya kupandisha wastani: kuchagua mlangoni. Shule inayochukua tu wavulana wenye alama za juu, kisha wakapata alama za juu, imefanya kazi gani? Huenda kubwa, huenda ndogo. Hujui mpaka uone walipoanzia. Ukimpa mtu shamba la rutuba kando ya mto, usimsifu kwa mahindi kabla hujaona kazi ya jembe lake.

Mwaka wa 2014 serikali ilitangaza kwamba itaacha kuorodhesha shule kwa matokeo ya mitihani, na sababu moja ilikuwa mashindano yasiyofaa kati ya shule. Lakini orodha hazikwisha. Shule zenyewe huzitundika langoni, na siku hizi picha za watoto waliopata A husambazwa kwa simu. Kijana wa pointi nne hapigwi picha.

UPANDE WA PILI: UPENDO BILA KUFUNDISHA

Sasa wengine mnafikiri tunataka kuwaambia mchague shule yenye moyo mwema na mwache habari ya alama. Hapana. Tumeona pia madhara ya upande huo.

Kijana mwingine wa eneo letu hutembea kwa magongo. Shule moja ndogo ya kibinafsi ilimpokea kwa shangwe. Walimjengea njia ya saruji mpaka darasani. Wenzake walimbebea maji ya kuoga. Kila siku ya wazazi aliitwa mbele, watu wakapiga makofi. Nasi tulipiga makofi. Tuliipigia shule hiyo debe katika vikundi.

Lakini maabara ilikuwa imefungwa kwa kufuli, na ufunguo alikuwa nao mwalimu aliyeondoka. Fizikia ilifundishwa nusu ya mwaka. Daftari zilikuwa na kurasa na kurasa ambazo hazijasahihishwa. Kijana alipofanya kazi mbovu aliambiwa, "Umejitahidi." Hakuna aliyemwambia, "Rudia." Alimaliza na D. Alitulaumu kwa maneno ambayo hatujayasahau. Alisema: "Walinipenda, lakini hawakuniamini kwamba naweza kujua kitu."

Kumpokea mtoto ni kumfungulia mlango. Akishaingia, anahitaji mwalimu. Mtoto maskini au mwenye ulemavu anahitaji mafundisho makali kuliko mwingine, kwa sababu hana shamba la kurithi wala mjomba mwenye ofisi. Kumhurumia kwa kumpunguzia masomo ni kumnyima kwa mkono wa pili ulichompa kwa mkono wa kwanza.

MAWILI HAYA HUKAA PAMOJA?

Yamekaa. Hapa Kenya tuna mifano inayojulikana.

Mwaka wa 1959, wakati wa Hali ya Hatari, Geoffrey Griffin pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walianzisha Kituo cha Wavulana cha Starehe, Nairobi, katika vibanda vya mabati. Waliowapokea ni wavulana wasio na makao, waliokuwa wakizurura mjini. Hakuna aliyewachagua kwa alama za juu. Kituo hicho kilikua kikawa shule, na kwa miaka mingi kikatajwa miongoni mwa shule zinazofanya vizuri zaidi katika mitihani ya taifa, huku kikiendelea kusomesha vijana maskini kwa msaada wa wafadhili. Griffin alikiongoza mpaka alipofariki mwaka wa 2005. Nidhamu ilikuwa kali, masomo yalikuwa makali, na wavulana walifundishwa kujitolea kwa wengine.

Mfano wa pili ni Strathmore, Nairobi. Ilifunguliwa mwaka wa 1961 kama chuo cha kuandaa vijana kwa chuo kikuu. Wakati huo shule zilikuwa zimegawanywa: za Wazungu, za Wahindi, za Waafrika. Strathmore ikawaketisha vijana wa rangi zote darasa moja. Palikuwa na watu walioamini kwamba kuchanganya ni kushusha kiwango. Leo shule ya wavulana ya Strathmore ipo, chuo kikuu cha Strathmore kipo, na hatujasikia mtu akisema masomo yao ni hafifu kwa sababu walichanganya.

Hatusemi mwende mkaombe nafasi huko. Tunasema jambo moja tu. Anayekuambia kwamba shule haiwezi kuwashikilia wote na bado ifundishe kwa nguvu, mwambie imewezekana hata katika vibanda vya mabati.

SHERIA INASEMA NINI

Mzazi asiende shuleni kama mtu anayeomba sadaka. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi. Kifungu cha 54 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupata elimu katika taasisi zilizomo ndani ya jamii, kwa kadiri inavyomfaa yeye mwenyewe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumbagua mtoto anayetafuta nafasi kwa sababu ya kabila, dini, ulemavu au hali ya jamii anakotoka. Inaruhusu shule kuwa ya wavulana peke yao. Sheria hiyo pia inakataza viboko, na inakataza mwanafunzi aliyekwisha kupokewa kurudishwa darasa au kufukuzwa bila kufuata utaratibu uliowekwa. Kwa hivyo ukiambiwa "mhamishe tu," omba barua yenye sababu. Barua hiyo mara nyingi haiandikwi, na mtoto anabaki.

Tena, msifanye kama sisi. Msifiche. Wizara ya Elimu ina vituo vya kupima mahitaji ya watoto, vinavyoitwa EARC, vilivyoanza mwaka wa 1984 na sasa vimeenea katika kaunti. Ulizeni ofisi ya elimu kilipo cha kwenu. Mtoto apimwe masikio, macho, na jinsi anavyosoma. Karatasi ya huko si ya kumwaibisha. Mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu anaweza kuombewa msaada na Baraza la Mitihani, kwa mfano muda wa ziada au karatasi yenye maandishi makubwa, lakini maombi hayo hufanywa na shule wakati wa kusajili. Shule isiyojua haiwezi kuomba.

MTAALA MPYA UMEBADILISHA SWALI

Mtihani wa mwisho wa darasa la nane, KCPE, ulifanywa mwaka wa 2023. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 9 walifanya mtihani wao mwishoni mwa 2025, na Gredi ya 10 ya kwanza ikaanza Januari 2026. KCSE ya mtindo wa 8-4-4 imepangwa kumalizika 2027.

Maana yake kwetu ni nini? Wastani ambao shule inakuonyesha ni wa mtaala unaokwisha. Katika sekondari pevu, Gredi ya 10 hadi ya 12, kuna njia tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, sayansi ya jamii, na sanaa na michezo. Basi shule inaweza kujisifu kwa historia ndefu ya A, na bado isiwe na karakana, wala mwalimu wa muziki, wala kompyuta zinazowaka. Mvulana mwenye mikono ya ufundi akipelekwa mahali panapofundishwa vitabu peke yake, tumemfungia nje akiwa ndani.

MAMBO YA KUULIZA

Nendeni shuleni siku ya kawaida, si siku ya wazazi ambapo kila kitu kimepakwa rangi. Mwende wawili au watatu, na mvulana mwenyewe awepo. Ulizeni haya:

1. Miaka mitatu iliyopita waliingia wangapi, na wangapi wamefanya mtihani? Waliobaki wako wapi?

2. Mvulana aliyeingia na alama za chini kabisa mwaka ule alimaliza na nini? Swali hili linakuonyesha kazi ya mwalimu kuliko picha za langoni.

3. Tunaomba kuona daftari za wanafunzi watatu: mmoja wa juu, mmoja wa katikati, mmoja wa chini. Angalia kama kazi imesahihishwa, na kama yule wa chini ameandikiwa la kufanya au amepigwa mkasi tu.

4. Walimu wa hesabu, lugha na sayansi wapo, na wamesajiliwa na Tume ya Walimu? Maabara inafunguliwa mara ngapi kwa wiki?

5. Mvulana akianguka kifafa usiku, nani anajua la kufanya? Dawa zake zinawekwa wapi? Vyoo vinafikika kwa kiti cha magurudumu?

6. Bweni lina milango mingapi, na inafunguka kwa nje? Madirisha yana vyuma? Msidhani swali hili liko nje ya habari yetu. Machi 2001 moto wa bweni huko Machakos uliua wavulana 67. Septemba 2024 moto mwingine huko Nyeri uliua wavulana 21. Fikirini asiyesikia kengele, au anayetembea kwa magongo, atatokaje.

7. Karo ikichelewa, mvulana hufanywa nini? Anarudishwa nyumbani siku hiyo hiyo, au mzazi hupigiwa simu mkapanga?

8. Muulizeni mvulana yeyote mtakayemkuta njiani, si yule mliyepewa kuwatembeza: "Hapa mtu akichekwa au akionewa na wakubwa, anamwendea nani?" Akitaja jina la mwalimu bila kufikiri, hiyo ni dalili njema. Akitazama chini, mmesikia.

MIZANI SI MOJA KWA WATOTO WOTE

Mtatuuliza: basi tuchague ipi? Inategemea mvulana.

Kama mwanao hasikii kabisa na lugha yake ni ya alama, shule maalumu yenye walimu wanaoijua lugha hiyo inaweza kumfundisha kwa ukali zaidi kuliko shule ya kawaida inayompokea kisha ikamwacha aangalie midomo. Hiyo nayo ni kumjumuisha, kwa kuwa atatoka na elimu ya kuishi na watu. Kama mwanao ni mwepesi sana, usiogope shule yenye wazito. Anayemweleza mwenzake hesabu huielewa mara mbili. Ogopa tu shule ambayo mwalimu anamngojea mzito huku mwepesi akilala, au anamkimbilia mwepesi huku mzito akipotea.

Na kama pesa za mkopo zitamlipia muhula mmoja au miwili tu, sema ukweli mapema. Shule ya kutwa ya umma yenye walimu wanaoingia darasani ni bora kuliko shule ya kibinafsi ambayo mtoto atakuwa akirudishwa nyumbani kila baada ya wiki mbili.

Lakini kama shule mbili zimelingana karo, na moja ina wastani wa juu kidogo ila haiwezi kusema wavulana wake waliopungua walikwenda wapi, sisi tunasema wazi: ichague ile nyingine. Pointi moja ya wastani haitoshi kununua hofu ya mtoto anayejua kwamba akishuka atatolewa.

KIKUNDI KIFANYE NINI

Mkopo wa karo si jambo la mzazi mmoja. Mmeona jinsi wadhamini walivyoumia. Basi, kabla ya kuidhinisha, kamati ya mikopo iombe majibu ya maswali yale manane yakiwa yameandikwa. Kikundi kitoe nauli ya mtu mmoja kumsindikiza mzazi shuleni. Ni pesa kidogo kuliko muhula mmoja uliopotea. Na mkopo utolewe muhula kwa muhula, mzazi akileta ripoti ya mtoto, si ili kumwaibisha bali ili kushtuka mapema alama zikianza kushuka. Ripoti ikisema "ana kiburi," msikubali neno hilo hivi hivi. Ulizeni kama anasikia, anaona, anakula, na analala vizuri.

Mama yule wa mwanzo aliumaliza mkopo wake mwaka wa 2019. Sasa yumo katika kamati ya mikopo ya kikundi chake. Ombi la karo likifika mezani, yeye hasemi mengi. Huuliza, "Waliingia wangapi?" Kisha hungojea jibu.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

Kaeni watano watano, mzungumze kwa nusu saa, kisha katibu aandike.

1. Katika kijiji chetu, ni wavulana gani walirudi nyumbani kabla ya kumaliza shule? Tulisema ni kosa la nani? Tulimuuliza mvulana mwenyewe?

2. Je, sisi wazazi tumewahi kuificha hali ya mtoto ili achukuliwe? Kilitokea nini?

3. Kama shule iliyo karibu nasi ina moyo mwema lakini haifundishi vizuri, sisi kama kikundi tunaweza kuomba nini kwa bodi yake?

4. Kabla ya muhula ujao, ni jambo gani moja tutabadilisha katika kutoa mikopo ya karo? Nani atalisimamia, na atatuletea habari lini?

Tukikutana tena, tutaanza na majibu yenu.